Kwenda Kumwoza Thureya kwa Gari Inayozimazima

Wiki nzima mnaniuliza swali moja. Nikikaa tu barzani pale Vuga, kikombe hakijanifika mkononi, mmoja wenu ashaanza: "Nassor, hebu tupe habari za Jambiani." Kisha mnatazamana, mnacheka. Nshachoka. Habari mliyonayo ni nusu, na nusu hiyo imeingia uongo, na uongo wenyewe nimeuacha mimi utembee mji mzima. Basi nimekaa kitako nakuandikieni safari yote, kituo kwa kituo. Mwenye kutaka kucheka na acheke akishafika mwisho.

Kwa asiyetujua vizuri: Thureya ni mtoto wa ndugu yangu Salim, Mungu amrehemu. Ni mtoto wake wa pekee. Baba yetu hayupo, na ndugu wa kiume wa Salim nimebaki mimi tu, kwa hiyo walii wa Thureya ni mimi. Mimi ndiye wa kumshika mkono bwana harusi na kutamka kwamba nimemuozesha. Ndoa iliwekwa Jumapili, msikitini Jambiani kwa kina mama yake, baada ya sala ya Alasiri. Dada yetu mkubwa, Bi Zuhura, naye alikuwa na lake la kufanya. Shangazi ndiye anayemfukiza bibi harusi udi kabla hajatolewa kwenda kwa mumewe. Da Zuhura hakujaaliwa kuzaa. Udi wa siku hiyo aliuweka kabatini tangu Thureya anasoma chuoni, na kila mwaka akiutoa, akiunusa, akiurudisha. Watu wetu wengine wako Maskati, salamu zao zilikuja kwa simu. Upande wa Salim tulikuwa sisi wawili tu.

Na gari. Salim aliacha ile gari ya Kiingereza ya zamani, rangi ya maziwa, mnaijua, watoto wa mtaani wakiipitia wanaipigapiga boneti. Alikuwa akisema bintiye atapelekwa kwa mumewe ndani ya gari ile, si nyengine. Kwa hiyo nilikuwa na mizigo miwili siku hiyo, kufika mimi na kuifikisha gari.

Vuga, kabla ya kuondoka

Asubuhi Da Zuhura alikuja na chetezo chake, makaa yashakolea, akaanza kuifukiza gari. Milango yote kaifungua. Kakishika chetezo mkononi anakipitisha kiti kwa kiti, polepole, huku anasoma zake. Nikasimama namtazama, nikaona moshi wote unakwenda kwa majirani.

"Dada, udi mzuri hivyo unautupa hewani?"

"Ndivyo inavyofanywa, Nassor."

Mnanijua, sina subira. Nikamchukulia chetezo, nikakisukuma ndani kabisa chini ya dashibodi, upande wa abiria, nikapandisha vioo, nikafunga milango yote minne.

"Mna moto mle," akanambia.

"Makaa mawili tu hayo. Gari usinifundishe mimi."

Nikaja zangu kwenu kunywa kahawa. Mnakumbuka nilivyokaa, na ule ubishi wetu wa mpira. Niliporudi moshi umejaa ndani hata usukani hauonekani. Nikafungua, nikakitoa chetezo, nikavuta pumzi. Harufu yake wallahi ilikuwa ya peponi. Nikajisifu. Da Zuhura akakipokea chetezo, akamwaga makaa. Akaingia nyuma na kapu lake, ndani mna mkate wa kumimina, sambusa, na kile kijaluba cha udi wa Thureya alichokipakata kama kitoto kichanga. Saa mbili na robo tukaondoka. Jambiani ni mwendo wa saa moja na ushei.

Vuga hadi Mpendae

Kwenye dashibodi ya gari ile mna saa mbili kubwa za duara. Moja inaonesha mwendo. Ya pili inahesabu mizunguko ya injini: ukikanyaga mafuta mshale unapanda, ukiachia unashuka. Salim alikuwa akiipenda ile ya pili kuliko redio.

Hatujamaliza Mnazi Mmoja, mshale ule ukaanza kucheza. Unapanda, unashuka, unapanda, na mguu wangu wala sijautikisa. Nikasema haya, saa imezeeka. Tulipofika karibu na Kariakoo ukaanguka sifuri, mara moja, na injini ikanyamaza. Gari bado inakwenda kwa nguvu zake, imo giani, lakini moto hamna. Nikajaribu ufunguo, kimya. Nyuma yangu kila mwenye honi kaipiga. Lahaula! Wanaume wanne wakatusukuma pembeni, na mmoja wao hakuacha kunisomesha kwamba gari ya zamani ni ya kutazamwa. Nikamwambia aende akatazame ya kwao.

"Bismillahi hukusema," Da Zuhura akanambia kutoka nyuma.

"Dada, gari haiendi kwa Bismillahi peke yake."

"Nasema tu."

Nikapiga ufunguo tena, ikawaka, safi kabisa kama si yeye. Nikaipeleka moja kwa moja Mpendae, kwa fundi ninayemwamini. Niliyekuwa nikimwamini.

Mpendae

Fundi Kombo hayupo. Yuko wapi? Chai. Nikaambiwa anakuja sasa hivi, na sasa hivi hiyo ilichukua dakika hamsini. Nilikwenda nikamkuta mkahawani, mbele yake maharage ya nazi na chapati, anazungumza kuhusu mbuzi wake. Nikasimama mbele yake.

"Shikamoo, mzee Nassor. Karibu chai."

"Marahaba. Sitaki chai, nataka gari. Mimi ni walii, Kombo. Kuna watu wananisubiri Jambiani."

"Saa kumi hiyo, mzee. Saa hizi hata saa nne haijafika. Kaa ule."

Damu ilinichemka, lakini nikakaa, na chapati nikala, na kusema kweli ilikuwa nzuri.

Alipokuja hatimaye akaingiza kichwa ndani ya gari, akavuta pumzi, akasema, "Mashaallah, inanukia!" Kisha akafungua boneti na kauli keshaikata: koili. Kwa msiojua, koili ndiyo inayoupa umeme nguvu mpaka plagi zikatoa cheche. Ikichoka, alisema, inakwenda vizuri ikiwa baridi, ikipata joto inazima, ikipoa inawaka tena. Maelezo mazuri, mtu unaridhika ukiyasikia. Nikamuuliza, "Na huu mshale unaocheza?"

"Huo pambo tu, mzee. Injini haitazami saa."

Akatoa koili kwenye gari nyengine iliyolala pale uwanjani, akaifunga kwenye yetu. Akapiga msasa na platini, vile visahani vinavyounga na kukata umeme wa cheche. Akaizungusha gari mara mbili Mpendae nzima, haikuzima. Ilikuwa saa tano na nusu. Da Zuhura muda wote huo kakaa kwenye kigoda chini ya ukuta na kijaluba chake mapajani, jua linamfuata na yeye analikimbia, kigoda hatua kwa hatua.

Mpendae hadi Tunguu

Ilizima Mwanakwerekwe sokoni, katikati ya watu na mikokoteni. Ikawaka. Ikazima tena baada ya hapo, ikawaka. Ilipozima Tunguu ikagoma kabisa. Nikampigia Kombo simu, nikampa vidonge vyake. Akasema, "Basi hiyo mafuta, mzee." Saa mbili zilizopita ilikuwa koili, sasa mafuta! Nikaikata simu nikaikata tena, kwa hasira, na ilikuwa imeshakatika.

Palikuwa na vijana wazima watatu wanapakia mawe kwenye gari lao la mizigo. Wakaja. Gari yangu mnakumbuka niliipamba, utepe mweupe kwenye boneti na asumini kwenye vioo. Wakachungulia ndani, wakamuona mwanamke nyuma, kajifunika buibui lake vizuri kwa sababu ya vumbi. Mmoja akapiga kigelegele kwa sauti nyembamba.

"Hongera, mzee wetu! Hongera, bibi harusi!"

"Ebo! Huyo dada yangu!"

"Aaa, mzee, usione haya. Kila umri una raha yake."

Da Zuhura akafunua uso, miaka sitini na minane, akawatazama. Wakarudi nyuma hatua mbili. Kisha yeye mwenyewe akacheka, akacheka mpaka akashika ubavu, akawagawia sambusa. Mimi sikucheka. Nilisema maneno pale ambayo siyaandiki. Mmoja wa wale vijana anajua mambo ya injini kidogo, akafungua kabureta, akaipuliza, akaonesha uchafu ukubwa wa punje ya mtama. "Huyu hapa adui yako." Akairudishia. Ikawaka. Bila shaka ikawaka! Ilikuwa ikiwaka kila ikitaka yenyewe, na kila aliyeigusa kabla haijawaka akijiona yeye ndiye bingwa.

Adhuhuri tulisali palepale. Tulipomaliza Da Zuhura akanambia taratibu, "Nassor, kuna taksi inapita. Tuiache gari hapa, tufike sisi. Mtoto anakuhitaji weye, hahitaji gari."

"Salim alisema gari."

"Salim alisema mengi."

"Nshasema, Dada! Gari inafika Jambiani au siitwi Nassor."

Akarudi kukaa nyuma. Taksi ikapita, na mimi nikaitazama ikipita.

Tunguu hadi Kitogani

Kwenye msitu wa Jozani barabarani mna matuta, ili magari yapite polepole yasiue kima punju. Kila tuta likawa kaburi letu. Gurudumu la mbele linapanda, mshale unaanguka, injini inazima. Nawasha. Tuta la pili, hivyo hivyo. Watalii waliokuja kutazama kima wakawaacha kima, wakageuza kamera kwetu. Mzungu mmoja aliyevaa kofia akaja kuniuliza kama gari inakodishwa, na akamwambia mkewe asimame kwenye boneti apigwe picha. Mke wa watu akapanda! Kakaa juu ya utepe! Nikapiga honi bila kuutoa mkono. Alishuka mbio na kiatu kimoja.

"Nassor," Da Zuhura akasema. Kajisogeza mbele kati ya viti viwili anachungulia. "Mshale unaanguka kwanza. Ndipo inazima."

"Nini?"

"Ule mshale. Unaanguka mwanzo, injini baadaye. Nimetazama matuta matatu."

"Dada, tafadhali. Fundi kasema pambo. Kaa kimya kidogo nifikiri."

Akarudi nyuma kitini kwake. Na mimi sikufikiri chochote.

Hapo simu ikalia, shekhe wa Jambiani. Shekhe ni mtu mpole. Alinambia watu washaanza kukusanyika, na kama nimekwama si tatizo, nimpe uwakala kwa simu, yeye atamuozesha kwa niaba yangu na ndoa itasihi, halali kabisa. Nikamjibu kwa sauti iliyowafukuza kima juu ya miti: "Shekhe, mimi simuozi mtoto wa Salim kwa simu kama naagiza mchele! Nisubirini!" Akasema, "Haya, tutakusubiri, lakini usipite Magharibi, kuna watu wanatoka mbali." Nilipoiweka simu nikautazama mkono wangu. Salim alipokuwa hospitali alinishika mkono huu huu. Hakuniachia nyumba wala shamba. Aliniachia hilo moja la kutamka.

Kitogani

Kitogani ikafa kwelikweli, njia panda, mbele ya vibanda. Saa nane na robo. Nikauliza fundi gari. Hayupo, kenda maziarani kuzika. Fundi mwengine? Yuko Fundi Petro, lakini yeye anatengeneza redio na spika. Petro mwenyewe akatoka kibandani, mtu wa bara aliyekaa Unguja miaka mingi, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, mzee. Gari mimi sizijui sana."

"Marahaba. Basi kama huzijui utatazama nini?"

"Nitazame mimi," akasema, wala hakukasirika. "Niambie kwanza. Ikizima, nini kinaanza?"

Nikaanza kumueleza koili, kabureta, mafuta machafu. Akaninyooshea kiganja. "Hayo umeambiwa. Umeona nini?"

Da Zuhura ndiye aliyejibu kutoka nyuma: "Mshale ule unaanguka mwanzo, mwanangu. Unaanguka mara moja, sifuri. Na ukipanda tuta ndiyo zaidi."

Petro akatabasamu kama mtu aliyepewa zawadi. Akanieleza, na alinieleza vizuri mpaka leo naweza kukuelezeni nyinyi. Yakikatika mafuta, injini inachoka polepole na mshale unashuka nayo. Lakini mshale ukianguka ghafla na magurudumu bado yanaizungusha injini, hapo kilichokatika ni umeme. Na tuta likizidisha, basi ni waya uliolegea unaotikiswa. Akaniuliza kama gari ni ya Kiingereza ya zamani hasa. Nikasema ndiyo. Akasema aliwahi kutengeneza saa ya namna hii kwenye gari ya padri mmoja huko kwao. Katika gari hizi umeme wa kwenda kwenye koili hauendi moja kwa moja, unapitia kwanza nyuma ya saa hii ya mizunguko, ndiyo maana saa inaweza kuhesabu. Nyuma ya saa pakikatika, koili haipati kitu. Hata ukifunga koili mpya kumi.

Pambo tu, alisema Kombo!

Petro akalala chali kwenye sakafu ya gari, kichwa chini ya dashibodi. Tukamsikia akinusa. Watu walishajaa: akina mama wawili wanaokaanga mihogo pale njia panda, mzee mmoja aliyeleta feni yake kwa Petro, na wapita njia. Kisha Petro akatoka na waya mbili mkononi, hajazikata, kazivuta tu tuone. Ngozi yake ya plastiki imeyeyuka ikaganda kama nta, imebabuka, na ndani ya waya mmoja zimebaki nyuzi mbili tatu za shaba zinagusana zikitaka.

"Hizi hazikuungua kwa umeme," akasema. "Zimepata moto kutoka chini. Nani aliweka moto humu ndani?"

Watu wote wakanitazama mimi, maana gari ni yangu.

Nakwambieni ukweli, jamaa zangu. Siku nzima nimewatukana mafundi, vijana, watalii, nimempigia kelele shekhe, na moto nimeuweka mimi, kwa mkono wangu, huku naambiwa nisiuweke. Nikafungua mdomo.

"Ni mimi, mwanangu," Da Zuhura akasema. "Mimi mzee, sijui mambo ya magari. Niliweka chetezo."

Loo, walicheka! Yule mama wa mihogo alikaa chini kabisa. "Bibi kaifukiza gari ikaiva!" Mzee wa feni anajifuta machozi. Da Zuhura naye akacheka nao, akatikisa kichwa, akasema, "Uzee huu." Na mimi nikafunga mdomo. Nilikuwa na nafasi palepale ya kusema neno moja, na nikainama kutazama tairi ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

Petro alizing'oa zile waya kwenye saa, akaziunga moja kwa nyengine, akazifunga kwa utepe wa umeme mara nyingi. Mshale ukabaki sifuri, hauna kazi tena. Nikapiga ufunguo na injini ikanguruma, ikatulia, hata haikukohoa. Yule mama alitufungia mihogo na samaki changu wa kukaanga, tukaondoka tunakula. Da Zuhura kala vizuri. Mimi mihogo yangu niliirudisha kapuni.

Kitogani hadi Jambiani

Haikuzima tena hata mara moja. Paje tumepita, tukashika njia ya pwani, na saa kumi na nusu niko mlangoni mwa msikiti wa Jambiani, shati limelowa, mikono ya grisi. Watu walikuwa wameshasali Alasiri, wamekaa wamenisubiri. Da Zuhura kashukia nyumbani kwa bibi yake Thureya, Bi Mize, hatua mia kutoka pale.

Wazee wa bwana harusi wakanipokea kwa upole uliochoka. Mmoja akauliza, "Kulikoni, bwana Nassor? Tulishakata tamaa."

Na mimi, mbele ya msikiti, nikiwa nakwenda kuwa walii wa mtoto wa watu, nikasema hivi: "Dada yangu kaweka chetezo cha moto chini ya dashibodi. Waya zote zimeungua."

Hakuna mtu aliyeniuliza nani kaweka moto. Nimelisema mwenyewe. Wakacheka, uchovu ukawatoka, na nikaona raha kwamba hawanikasirikii. Tukaingia. Nikatia udhu, nikakaa mbele ya bwana harusi, nikamshika mkono, nikatamka. Sauti ilinikatika kwenye jina la Salim. Watu wakadhani ni majonzi, na majonzi yalikuwamo, lakini si hayo peke yake.

Jambiani habari zinatembea haraka kuliko gari yangu. Nilipofika uani kwa Bi Mize, mzaha ushatangulia. Wanawake wamejaa, vigelegele, ngoma. Sisi wanaume tunasimama nje, lakini mlango ulikuwa wazi nusu na nikaona. Bi Mize kashika chetezo. Da Zuhura kanyoosha mkono kukipokea.

"Hapana, mwanangu," Bi Mize akamwambia huku anacheka. "Leo moto usiuguse. Umeshaiunguza gari, usije ukatuunguzia na bibi harusi."

Wote wakaangua kicheko. Hakukusudia ubaya. Akampa chetezo mama mdogo wa Thureya, na yule akaanza kumfukiza, nguo, nywele, viganja. Da Zuhura karudisha mkono. Kakaa pembeni kwenye mkeka na kijaluba chake hakijafunguliwa, anapiga makofi na wenzake kwa mpigo wa ngoma. Uso wake ulikuwa ukicheka. Mikono yake naijua tangu utoto, ilikuwa inapiga bila yeye.

Salim kaacha mtoto mmoja. Da Zuhura hana. Mimi nina wavulana tupu. Harusi ya pili ya kumfukiza bibi harusi hatunayo.

Nilisema "Hodi" pale mlangoni. Nasema kweli, nilisema. Ngoma ikaizima, na sikuirudia. Nilijitukana kimoyomoyo matusi yote niliyowapa wengine tangu asubuhi, nikaenda kusimama kwenye gari. Thureya alitolewa, akaingia nyuma peke yake na somo yake aliyemfunda, nikampeleka kwa mumewe mwendo wa dakika tano. Njiani akauliza, "Ami, shangazi mbona hakunifukiza?" Nikamwambia kachoka na safari. Huo uongo wa tatu.

Kurudi mjini

Asubuhi ya pili tukaondoka baada ya chai. Gari inakwenda kama mpya. Tumepita Paje, Kitogani, Jozani, matuta yote, na sisi hatusemi. Tulipokaribia Tunguu nikashindwa.

"Dada. Kwa nini ulisema ni wewe?"

Alikuwa kakaa mbele safari hii, ubavuni kwangu.

"Ningesema nini? Weye ushawaka tangu Mpendae. Wangekucheka pale Kitogani ungegombana nao, ungegombana na fundi, gari ungeigeuza ungerudi mjini, na mtoto angekaa ndani na nguo zake anasubiri walii. Nnakujua, Nassor. Nimekulea."

Nilitaka kukasirika nikakuta hasira haina pa kwenda. Nikasema, "Basi kumbe ulinisitiri."

"Kitogani nilikusitiri," akasema. Alikuwa anatazama barabara. "Ya msikitini ulisema mwenyewe. Hayo sikukutuma."

Nimeendesha mpaka Mpendae, mpaka Mnazi Mmoja, mpaka mlangoni kwake. Nikamshushia kapu lake. Akasema ahsante, akaingia ndani.

Basi chetezo nimekiweka mimi, Nassor, na kila mlipomcheka Bi Zuhura wiki hii mlikuwa mnanicheka mimi na mimi nimenyamaza nanywa kahawa yenu. Jambiani nshapiga simu. Bi Mize nimemwambia, shekhe nimemwambia, Thureya nimemwambia, na Thureya kalia kwenye simu. Kesho karatasi hizi nitazisoma barzani kwa sauti, neno kwa neno. Nilikwenda leo kumuomba Da Zuhura aje akae dirishani pale kwa jirani asikie nikisema. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanambia kesho hatokuwa na nafasi, ana nguo za kufua.